Mwalimu wa Nidhamu na Kasha la Mbwa

Mtu akiniambia kwamba binadamu hubadilika, mimi namwangalia tu. Namwacha amalize maneno yake. Nimekaa jirani na Mwalimu wa Nidhamu miaka na miaka, nyumba zetu zinatazamana, barabara ya vumbi katikati, na mpaka leo sijajua kama yule mzee alibadilika au alikuwa hivyo siku zote, sisi tu ndio aliotunyima.

Hatukuwa na jina jingine la kumwita. Pale shuleni Kasulu alikuwa na jina lake kama walimu wengine, lakini nani angethubutu kulitaja? Hata alipostaafu cheo hakikumtoka. Mwenye duka alimwita Mwalimu wa Nidhamu, kasisi alimwita Mwalimu wa Nidhamu, na watoto ambao hakuwahi kuwafundisha walinyamaza akipita, wakaanza kelele akishakata kona. Mrefu, mwembamba, shati limenyooshwa kwa pasi ya mkaa hata masika. Viatu vyake vilikuwa safi wakati Kasulu nzima tunatembea na tope jekundu mpaka kwenye ndimi za viatu. Alivyofanya sijui. Nimemchunguza sana, sijui.

Alikuwa na neno lake moja: "Nisirudie." Hakulisema kwa ukali. Alilisema polepole, kama mtu anayeomba chumvi, na wewe ukakimbia kutenda.

Na fimbo. Jamani, fimbo! Jumatatu kila mwanafunzi alikuja na fimbo yake kutoka nyumbani, ndivyo ulivyokuwa utaratibu. Wengi tulikata tawi la mti wa kahawa, maana kahawa ilikuwa imejaa kwetu na tawi lake halivunjiki ovyo. Unakata mwenyewe, unaichonga mwenyewe, unaibeba kilometa zote zile, unaikabidhi. Yeye anaipokea, anaikunja kidogo, anaisikiliza.

"Umechagua mwenyewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi tusilaumiane."

Wazazi wetu waliona ni sawa. Mama yangu mzazi alimfuata siku ya kikao cha wazazi akamwambia, mbele yangu, "Mwalimu, hawa wanangu wachape tu, wawe watu." Alimshukuru kabisa, kwa mikono miwili. Nikikumbuka nashtuka upya.

Sasa ukitaka kumchukia mtu huyu kwa raha zako, hakupi nafasi. Ndiye aliyembeba mtoto wa darasa la pili kwenye baiskeli, mvua inanyesha, mtoto ana degedege, akamfikisha hospitali na kukaa naye mpaka mama yake alipopatikana shambani. Msiba ukitokea mtaani, yeye wa kwanza kushika jembe makaburini, na yeye hata si Mha, aliletwa huku na serikali kutoka mkoa mwingine akabaki. Kiha alijifunza mpaka akawa anasalimia vikongwe, "Mwakeye," nao wanafurahi. Baba yangu alipofariki, Mwalimu wa Nidhamu alibeba jeneza upande wa mbele kushoto. Kaka yangu alikuwa bado mdogo wakati ule, alitembea nyuma yake ameshika ncha ya koti lake. Mtu huyohuyo. Unaelewa ninachosema?

Kaka yangu anaitwa Yoramu. Siku alipochapwa nilikuwa mstarini na wenzangu, naona kila kitu. Yeye alikuwa darasa la saba, mtihani uko karibu, na alikuwa amechelewa. Mama aliamka na homa kali, Yoramu akaenda kwanza zahanati kumtafutia dawa. Mwalimu hakuuliza. Meza ililetwa nje, viranja wakamlaza juu yake, wengine mikono, wengine miguu. Zilikuwa ngapi sitasema. Nasema hivi: katikati ya zile fimbo kaka yangu alijikojolea, shule nzima inatazama, na wapo waliocheka. Mwalimu akaiweka fimbo chini. Kwa sauti ileile ya kusomea matangazo akasema, "Vua shati. Pangusa."

Yoramu akavua shati, akapiga magoti, akapangusa. Kisha akatoka nje ya shule kifua wazi na hakurudi. Wiki ile ile akaenda Manyovu, mpakani, akaanza kubeba mizigo ya malori yanayovuka kwenda Burundi. Leo malori mengine ni ya kwake. Ana mke, ana watoto, ana uwanja mkubwa wa magari wenye geti. Lakini Kasulu hajakanyaga. Nikimtembelea ananipa sukari, mafuta, kitenge cha mama. Kuja mwenyewe, hapana.

"Nitapitaje pale, mdogo wangu?" aliniambia. "Nikitoka kwa mama natazama mlango wake. Mguu hautavuka."

Na mama miguu yake ilikuwa imevimba, hawezi tena safari ya gari. Kumhamishia Manyovu alikataa katakata, hakutaka kuacha kaburi la mume wake na migomba yake. Kila Jumapili alinituma nifagie chumba cha Yoramu na kubadilisha shuka. "Akija leo alale wapi?" Nilifagia. Nikitoka nje na ufagio, ng'ambo ya barabara namwona Mwalimu wa Nidhamu barazani kwake, amekaa wima, viatu vinang'aa. Nilikuwa naomba Mungu anipe moyo wa kumsalimia. Mara nyingine Mungu alichelewa.

Basi mwaka 2012, kiangazi, akaleta mbwa.

Mimi ni fundi cherehani, cherehani yangu inakaa barazani, kwa hiyo hakuna kinachonipita. Alitoka safari, sikujua ya wapi, akashuka kwenye gari na kikapu. Ndani ya kikapu katoto ka mbwa, kahudhurungi, masikio yamelegea. Akaingia nako mlango wa mbele! Mama aliyekuwa kwenye mkeka kando yangu akaweka mikono kichwani.

"Imbwa mu nzu?" akasema. Mbwa ndani ya nyumba? Kwetu Uha mbwa ana heshima yake, analinda mahindi, anafukuza nyani, lakini heshima hiyo inaishia uani. Ndani ni kwa watu. Na huyu anayemwingiza ndani ni yule aliyekuwa akikagua kucha zetu!

Siku chache baadaye akapotea tena na kikapu chake. Alikwenda Kibondo, kwa daktari wa mifugo wa kule, dada mmoja kijana aliyehamishwa kutoka Iringa. Aliporudi akamwita seremala atengeneze kasha. Seremala wetu aliposikia kasha lenye mlango wa waya, alifanya anavyojua, akaleta banda la kuku zuri kabisa, sakafu ya fito zilizoachana ili mavi yadondoke chini.

"Fundi," Mwalimu akamwambia, "huyu hatagi."

Mtaa ulicheka siku nzima. Seremala akapigilia ubao juu ya zile fito, kasha likaingizwa sebuleni, mbele ya mlango ulioachwa wazi, na kuanzia hapo mimi kazi yangu ikawa ngumu, maana macho hayakuwa tena kwenye sindano.

Ule mlango wa kasha aliufunga kwa kamba uwe wazi muda wote. Ndani akatandika sweta lake kuukuu. Halafu yeye, na suruali yake ya mkunjo, akakaa sakafuni. Sakafuni! Ana dagaa kiganjani. Anaweka dagaa mmoja karibu na mlango, anangoja. Katoto ka mbwa kanakuja, kanakula, kanakimbia. Anaweka mwingine, mbele kidogo. Anangoja. Hakusukuma, hakuvuta, hakusema "Nisirudie". Alikuwa akirudia kutwa nzima! Nilikuwa namtazama na mdomo wazi, uzi unanichanganyika.

Kalipoanza kuingia kenyewe mpaka ndani na kulala juu ya sweta, akaanza kufunga mlango kidogo tu, muda wa kunywa chai, amekaa palepale kanamwona. Kakilia hakugonga kasha wala hakufoka. Alingoja kanyamaze hata kwa pumzi moja, ndipo akafungua. "Nikifungua kakilia," alimweleza jirani, "katajifunza kulia. Nikikapiga kakilia, katajifunza kuniogopa na lile kasha pia. Daktari kanieleza." Kisha anakabeba haraka mpaka kwenye majani nje. Kakikojoa, yule mzee wa sauti ya mstarini anainama na kusema, "Hongera! Hongera sana!"

Mbwa anakojoa, anapewa hongera. Mana wee, Mungu wangu, nilidhani nitazimia.

Na jina alilokapa? Mwanafunzi. "Mwanafunzi, njoo." "Mwanafunzi, pumzika." Waliokuwa wanafunzi wake wakipita na baiskeli walikuwa wanageuka kuangalia ni nani anayeitwa kwa upole namna ile.

Wazee wenzake hawakumwelewa. Mmoja alimshauri vizuri tu, bila ubaya, "Mwalimu, mchape kidogo, atashika."

"Atashika nini?" Mwalimu akamuuliza.

Mzee yule akafikiri, akaaga.

Sasa hili nalosema ndilo lililonivunja. Nilikuwa nampelekea suruali niliyomshonea mfuko, nikakuta mjumbe wa mtaa ndiyo anatoka, walikuwa wamezungumza muda mrefu mambo ya maji. Mlango uko wazi. Katoto ka mbwa kamesimama katikati ya sebule, na chini yake kwenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa kuna dimbwi. Nikasema moyoni, leo. Leo tutamwona mwenyewe.

Mwalimu wa Nidhamu akachukua kitambaa, akapiga magoti, akapangusa. Mwenyewe. Anapangusa huku anazungumza nako, "Kosa si lako. Nimechelewa kukutoa. Kosa si lako kabisa."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilimwona Yoramu kifua wazi, amepiga magoti, shati mkononi. Heshima yote niliyofundishwa na mama ikanitoka.

"Kumbe Mwalimu unajua kupangusa?" nilisema.

Hakuinuka. Alibaki magotini, kitambaa kinadondosha. Aliniangalia, na nilijua kwamba anajua ninamsema nani. Nilingoja alitaje lile jina. Nilitaka neno moja tu, nimpelekee kaka yangu Manyovu, pengine mguu wake ungevuka.

"Najifunza, Mama Furaha," alisema.

Nikaitupa suruali kitini, nikaondoka. Anajifunza! Kwa mbwa! Nilikaa kwenye cherehani nikalia mpaka mama akauliza nani amefariki. Nilipomweleza akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia awachape." Hilo nalo likaniumiza, sikujua nilie lipi.

Baada ya hapo nilikuwa nimemnunia kweli kweli. Yeye akaendelea na mambo yake. Mbwa akakua, akawa mkubwa, kifua kipana. Mchana anaingia kasha jipya, kubwa zaidi, kwa hiari yake, analala, watu wanapita hata habweki ovyo. Jioni anafunguliwa. Watu walioapa kwamba yule mbwa atageuka kichaa kwa kudekezwa walianza kuja kuuliza, hili kasha ulitengenezaje? Mwalimu akawa anawaeleza, mlango usifungwe mpaka aingie mwenyewe, na lisiwe jela, usimtie humo ukiwa na hasira. Alikuwa akieleza kwa bidii kama mgeni wa kazi. Lakini nilimwona pia siku nyingine amesimama kwenye kituo cha magari ya Manyovu na yule mbwa, wamesimama weee, gari likaja, likajaa, likaondoka, nao wakarudi nyumbani. Nilidhani uzee.

Mwaka 2014, mvua zimekatika, asubuhi moja akavuka barabara. Hakuwa na mazoea ya kuvuka. Kofia mkononi.

"Mama Furaha, naomba unisindikize Manyovu."

"Kwa nani?"

"Kwa Yoramu."

Jina hilo! Kutoka kwenye mdomo ule! Mguu wangu uliacha kusukuma cherehani.

"Huyu mbwa si wangu," alisema. "Alinipa yeye."

Nilimwambia arudie. Mimi nilimwambia Mwalimu wa Nidhamu arudie, naye akarudia.

"Nilipostaafu nilikuwa nakaa pale barazani nikisubiri wanafunzi wangu wapite wanisalimie. Nikaona wakifika kwenye mashine ya kusaga wanavuka barabara, wanapita upande wenu. Wote. Nikajiuliza nianze na nani. Nikamfuata kaka yako."

"Akasemaje?"

"Hakunitukana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda nyuma ya malori, mbwa wake wa ulinzi alikuwa amezaa, akaja na huyu mkononi. Akasema, 'Huyu mfundishe. Ajue kukaa ndani asichafue, ajue kufungiwa anyamaze, ajue kuitika. Akiwa mkubwa mlete. Akiwa amewahi kuonja fimbo, nitajua, na mimi na wewe basi.' Mimi kufundisha bila fimbo nilikuwa sijui, Mama Furaha. Nimefundisha maisha yangu yote na nilikuwa sijui. Ndiyo maana nilikwenda Kibondo kuuliza."

Miaka yote hiyo nakwenda Manyovu, Yoramu hajaniambia kitu! Sikujua nimpige nani.

"Na mama yangu yumo humo ndani anamngoja mwanawe," nilisema. "Mbwa amekuwa mkubwa zamani. Ulikuwa unangoja nini?"

"Niliogopa," alisema Mwalimu wa Nidhamu.

Tulipata gari la mizigo lililokubali kubeba kasha. Mbwa aliingia humo mwenyewe kabla hatujamwambia. Tukapanda vilima kupita upande wa Muyama, baridi inatupiga, Mwalimu ameishika kofia yake, mimi nasali. Manyovu kama kawaida, malori yamepangana, wabadilisha fedha na mabunda yao, Kirundi na Kiswahili vinagombana. Geti likafunguliwa. Yoramu akatoka ofisini, amenenepa, ana mvi kidogo. Alinikumbatia mimi. Yoramu hakumwamkia Mwalimu. Kwetu, kumnyima mwalimu wako shikamoo ni kama kumtemea mate, na wafanyakazi wote wa pale waligeuka kutazama.

"Mtoe," Yoramu akasema.

Mbwa akatolewa, akanusanusa matairi.

"Arudi ndani."

Mwalimu alifungua mlango wa kasha, akasogea pembeni. Mbwa akamtazama, akaingia, akazunguka, akalala. Yoramu akafunga mlango mwenyewe na kusimama hapo. Lori likapiga honi kubwa jirani kabisa, mimi nikaruka. Mbwa akapiga mwayo. Yoramu akamfungulia.

Kisha akachukua fimbo ya kuswagia ng'ombe iliyoegemezwa ukutani. Akaiinua juu ya kichwa cha yule mbwa, juu kabisa, kwa nguvu zote za mkono wake. Mbwa wote ninaowajua mimi, ukiinua hata mwiko, wanabana mkia na kutoweka. Huyu aliitazama fimbo, mkia unatikisika. Alinyoosha shingo, akaidaka ncha yake kwa meno, taratibu, akidhani anaalikwa mchezo.

Yoramu akaiachia.

"Hajawahi," alisema. "Kweli hajawahi hata mara moja."

Mwalimu wa Nidhamu alicheka. Sikuwahi kuyaona meno yake yote. Machozi yanamtoka, anacheka, akapiga hatua mbele na kuinua mkono wa kulia, nadhani alitaka kumshika Yoramu bega.

Na kaka yangu, mwenye malori, baba wa watoto, akainama. Alikunja magoti, akaziba kichwa kwa viwiko vyote viwili, macho ameyafumba. Mbele ya wafanyakazi wake.

Hakuna aliyecheka. Mkono wa Mwalimu ulibaki hewani, hajui aupeleke wapi. Akaushusha polepole sana, akaurudisha nyuma ya mgongo, na wa pili akaupeleka hukohuko. Nilimwona anazeeka palepale ninapomwangalia.

Yoramu akajiinua, akajikung'uta magoti ambayo hayakuwa na vumbi.

"Mbwa umemweza, Mwalimu," alisema. "Mimi bado."

"Nisamehe, Yoramu."

Kaka aliingia ofisini, nikadhani ndiyo mwisho, nikaanza kufikiria nitamwambia nini mama. Akatoka na funguo za pikapu yake ya milango minne. Akafungua mlango wa mbele, upande wa abiria, akamtazama yule mzee.

"Panda. Mama anangoja."

Kasha tuliliweka nyuma na mbwa ndani yake, mimi nikakaa kiti cha nyuma. Mwalimu wa Nidhamu alikaa mbele, bega kwa bega na Yoramu, mikono yake yote miwili ameikalia. Hivyo ndivyo alivyosafiri, kila kona anayumba, anagonga mlango, hana pa kujishikia, wala hakuitoa mpaka tuliposimama mlangoni kwa mama.